Bei Haijapanda, Kopo Limeshuka



Waliosoma shule ya msingi katika nchi hii wanazikumbuka hesabu za mafumbo. Mama alikwenda sokoni na shilingi kadhaa, akanunua nyanya kadhaa na vitunguu kadhaa, je, alibakiwa na shilingi ngapi? Mwalimu akishaandika fumbo ubaoni, darasa zima lilinyamaza. Kujumlisha tulijua, na kutoa tulijua, lakini fumbo lilitaka kwanza tujue kipi kijumlishwe na kipi kitolewe. Wengi hatukulipenda, na siku tulipomaliza shule tulidhani tumeachana nalo.

Hatukuachana nalo. Kila asubuhi pale mwalo wa Kibirizi, soko la Mwanga na soko la Ujiji, fumbo lile lile linaulizwa upya, tena bila kalamu wala karatasi. Anayekosa haandikiwi alama ya kosa kwenye daftari. Anapungukiwa mboga, au anapungukiwa ada ya mtoto, na mara nyingi hajui fedha imepotelea wapi. Husema tu kwamba maisha yamepanda. Ni kweli maisha yamepanda. Lakini ipo sehemu ya fedha yetu ambayo haichukuliwi na maisha. Inachukuliwa na hesabu ambayo hatukuipiga.

Leo basi tupige hesabu hizo pamoja. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, maana bei ya sokoni haikai. Kesho ukizisikia nyingine usinilaumu. Shika njia, bei utaziweka mwenyewe.

Tuanze na dagaa, kwa kuwa hapa Kigoma mazungumzo ya sokoni yasiyoanza na dagaa hayajaanza. Dagaa wakavu wanauzwa kwa fungu, kwa kopo, kwa sado na kwa kilo. Tuseme sado moja ni shilingi 10,000, na kopo ni shilingi 1,500. Mama mwenye shilingi 1,500 mkononi hana la kuchagua, ananunua kopo. Lakini je, sado moja inatoa makopo mangapi? Tuseme inatoa makopo 8. Zidisha 8 kwa 1,500, utapata 12,000. Kwa hiyo anayenunua kopo kopo, akifikisha sado nzima, amelipa 2,000 zaidi ya aliyenunua sado kwa mara moja. Hiyo ni halali ya muuzaji: amekaa juani, amelipa ushuru, naye ana watoto.

Sasa njoo wakati dagaa wameadimika. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, basi siku hizo hupumzika. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nyakati kama hizo mzigo unapungua na bei lazima iguswe. Muuzaji anajua kwamba akisema kopo ni 1,700 wateja watapiga kelele. Kwa hiyo anasema ni 1,500 ile ile, lakini kopo lenyewe limebonyezwa kitako kikaingia ndani. Sado iliyokuwa ikitoa makopo 8 sasa inatoa 9. Zidisha 9 kwa 1,500, ni 13,500. Toa 12,000, zimebaki 1,500. Gawanya 1,500 kwa 12,000, utaona kwamba bei imepanda kwa asilimia 12 na nusu, na hakuna mtu aliyesema neno. Mteja anarudi nyumbani akimsifu muuzaji: "Yule mama ni mwema, hajapandisha bei." Bei haijapanda, ndugu yangu. Kopo limeshuka.

Hilo ndilo nataka tulikumbuke leo. Bei peke yake haina maana mpaka uulize: bei hiyo ni ya kipimo gani? Shilingi 1,500 ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili imo ndani ya kopo.

Wazee wa Ujiji walilijua jambo hili kabla hata ya shilingi kufika. Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo ilipokuwa ikija hapa, sokoni watu walinunua kwa shanga. Shanga zilitungwa kwa kete, na kete 10 zilifanya fundo moja. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila. Nafaka huko pwani zilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba 4 vilifanya pishi moja. Mtu aliyetaka kununua na kuuza ilimbidi ajue vyote hivyo kichwani, na ajue pia shanga zipi zinapokelewa mji gani, maana kila mji ulikuwa na zake. Sisi leo tuna shilingi moja na kilo moja, nchi nzima. Mzigo wetu ni mwepesi kuliko wao.

Wengine watasema: kama kopo linadanganya, tununue kwa kilo. Ni ushauri mzuri, na sheria iko upande wako. Tunao Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002, na mizani ya biashara inapaswa kukaguliwa kila mwaka na kuwekewa alama. Una haki ya kuitazama alama hiyo kabla ya kutoa fedha yako. Sheria hiyo hiyo inakataza lumbesa, yaani gunia linaloongezewa kilemba juu mpaka mkulima wa Kasulu au Kibondo anatoa mzigo zaidi ya kilo 100 na kulipwa bei ya gunia moja. Kwa mkulima ni fumbo lile lile la kopo, limegeuzwa tu: huku kipimo kinapunguzwa ili mnunuzi aumie, kule kinaongezwa ili muuzaji aumie.

Hata hivyo, mizani nayo ina mambo yake. Kopo hujaa hewa, mizani hujaa maji. Dagaa ambao hawajakauka vizuri ni wazito. Tuseme muuzaji mmoja ana dagaa wakavu kabisa kwa shilingi 14,000 kilo, na jirani yake ana dagaa wenye unyevu kwa 12,000. Wengi tutakimbilia 12,000. Lakini ukiwaanika wale wenye unyevu wakakauka sawasawa, tuseme kilo imepungua robo, umebaki na gramu 750. Umelipa 12,000 kwa robo tatu ya kilo. Robo moja basi ni 4,000, na kilo nzima ni 16,000. Aliyekimbilia rahisi amelipa 2,000 zaidi, na juu ya hapo ameanika mwenyewe. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hesabu yake ndiyo hiyo.

Kwa dagaa wabichi ni hivyo hivyo. Mtu anaona kilo ya wabichi ni 3,000 na ya wakavu ni 14,000, anaona wakavu ni wizi. Sehemu kubwa ya dagaa mbichi ni maji. Chukua kwamba kilo 4 za wabichi zinatoa kilo 1 ya wakavu. Mara 4 kwa 3,000 ni 12,000. Tofauti iliyobaki ni 2,000, nayo ndiyo malipo ya yule mama aliyewaanika, akawageuza, akawakinga na mvua na ndege kutwa nzima. Wizi uko wapi?

Sasa, ndugu wasikilizaji, nataka tukae zaidi kwenye mawese, kwa sababu hapo ndipo mwenye fedha kidogo anapoumia zaidi na anapoumia kimya kimya.

Familia nyingi za mjini hununua mafuta kwa kikombe kidogo cha siku moja. Tuseme kikombe ni shilingi 500, na vikombe 10 hufanya lita. Lita moja ya kikombe kikombe basi ni 5,000. Lita hiyo hiyo ukiinunua kwa chupa ni 4,000. Dumu la lita 20 ni 70,000; gawanya kwa 20, kila lita ni 3,500. Mafuta ni yale yale, ya michikichi ile ile. Lakini mwenye 70,000 analipa 3,500 kwa lita, mwenye 4,000 analipa 4,000, na mwenye 500 analipa 5,000. Yaani asiye na kitu ndiye anayelipa zaidi kuliko wote.

Familia inayotumia kikombe kimoja kwa siku inatumia lita 3 kwa siku 30. Kwa kikombe ni shilingi 15,000. Kwa bei ya dumu ni 10,500. Tofauti ni 4,500 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 12, ni 54,000 kwa mwaka, kwa mafuta peke yake. Ongeza sukari inayonunuliwa kwa vipimo vya asubuhi, ongeza mkaa wa kopo badala ya gunia, ongeza sabuni ya kipande. Halafu Januari ikifika tunasema fedha ya sare za watoto haikupatikana. Ilipatikana. Ilitoka nyumbani shilingi 150 kila siku, na hakuna aliyeiona ikitoka.

Najua jibu litakalokuja: "Hiyo 70,000 nitaitoa wapi?" Ni swali la haki, na hesabu isiyolijibu ni hesabu ya ubaoni tu. Basi tulijibu. Tuchukue majirani wanne wanaoaminiana. Dumu la 70,000 ukiligawa kwa 4, kila mmoja anatoa 17,500 na kupata lita 5. Kwa kikombe kimoja kwa siku, lita 5 zinakwenda siku 50. Akinunua kikombe kikombe, siku 50 ni 25,000. Kwa hiyo kila mmoja anaokoa 7,500 kwa kila dumu. Ugumu uko kwenye dumu la kwanza tu, kwa sababu lazima kununua kikombe cha leo huku ukiweka akiba ya kesho. Ukiweka shilingi 250 kila siku, baada ya siku 70 unazo 17,500. Baada ya hapo mzigo unakuwa mwepesi: kila siku unaweka 350 badala ya kutumia 500, na siku ya 50 unazo 17,500 nyingine. Zile 150 zinabaki nyumbani. Wanawake wetu wanaujua upatu miaka mingi. Huu ni upatu wa dumu badala ya upatu wa fedha.

Lakini nisiwadanganye kwamba kununua kwa wingi ni faida siku zote. Hesabu ina pande mbili. Ndoo ya nyanya 60 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 100 kwa nyanya moja, na gengeni fungu la nyanya 5 ni 600, yaani 120 kila moja. Ndoo ni rahisi. Sasa kabla hujaimaliza, nyanya 20 zimeoza. Umekula 40 kwa 6,000, yaani 150 kila moja. Gengeni kungekuwa nafuu. Na hata mafuta, ambayo hayaozi upesi, yana adui mwingine: yakionekana mengi jikoni, mkono wa mpishi unakuwa mzito. Kikombe kimoja kwa siku kikiwa kimoja na nusu, lita 5 ambazo kwa bei ya kikombe ni siku 50 zitakwisha siku ya 33, na faida yote imekaangwa. Anayenunua dumu na akiweke kile kikombe kidogo pale pale, aendelee kupima kama alivyokuwa akipimiwa.

Tugeukie vitenge kidogo, tusije tukasema hesabu ni za chakula tu. Kitenge cha yadi 6 ni 30,000, na kipande cha yadi 4 ni 22,000. Kipande kinaonekana rahisi, lakini yadi moja ya kitenge kizima ni 5,000, na ya kipande ni 5,500. Hapo bado hujamuuliza fundi. Fundi akisema gauni lako linakula yadi 3, yadi 6 zinatoa magauni mawili bila kubakiza, ambapo yadi 4 zinatoa gauni moja na kubakiza yadi moja isiyo na kazi. Gauni la kwanza limekula kitambaa cha 15,000, la pili limekula cha 22,000. Na kwa ndugu zetu wanaovuka kwenda Bujumbura au Kalemie, wanaokutana na faranga, kanuni ni moja: kabla hujashika mashine ya kuhesabia, jiulize jibu linapaswa kuwa kubwa au dogo. Tuseme siku hiyo shilingi moja inakupa faranga moja na robo. Kitu cha faranga 25,000 lazima kiwe na shilingi pungufu ya 25,000. Unagawanya, unapata 20,000. Anayezidisha anapata 31,250 na kulipa bila kushtuka, kwa sababu hakujiuliza mwanzo.

Na wale wanaofanya biashara wasijione wamesalimika. Yupo kijana ananunua dagaa kilo 100 hapa kwa 14,000, jumla 1,400,000, apeleke Dar es Salaam kwa njia ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Huko kilo ni 18,000. Mdomoni faida ni 400,000, na kwa faida hiyo ya mdomoni ameshaahidi kuoa. Tupige hesabu kwa daftari. Magunia, wabebaji, ushuru na usafiri wa mzigo tuseme 180,000. Nauli yake na chakula, kwenda na kurudi, 120,000. Hapo mzigo umemgharimu 1,700,000. Njiani dagaa wamezidi kukauka na wengine wamevunjika, zimebaki kilo 96. Mara 18,000 ni 1,728,000. Faida ni 28,000, kwa siku zote alizokuwa safarini. Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Yeye alifanya mahesabu asubuhi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1871 Dk. Livingstone alirudi hapa Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na amechoka, akakuta yule aliyekabidhiwa bidhaa zake ameziuza zote. Katika kumbukumbu zake alitaja yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Yeye angalau alijua kiasi alichopoteza, kwa kuwa kiliandikwa. Wangapi kati yetu wanaweza kusema mwezi uliopita walitumia kiasi gani kwa mboga?

Wapo watakaosema siku hizi kila simu ina kikokotoo, ya nini kuumiza kichwa? Kikokotoo ni mtumishi mwema. Kinazidisha ulichomwambia azidishe na kugawanya ulichomwambia agawanye. Lakini hakijui kwamba kopo limebonyezwa, hakijui kwamba dagaa wana maji, wala hakijui kwamba fundi anataka yadi 3. Kazi ya fumbo, ile iliyotunyamazisha darasani, bado ni yako.

Kwa hiyo ukifika sokoni uliza maswali matatu. La kwanza: hiki ni kipimo gani, na je, ni kile kile cha juzi? La pili: kimoja ni shilingi ngapi, kilo moja, lita moja, yadi moja? La tatu: kikifika mezani kwangu kitabaki kiasi gani? Ukishayajibu hayo ndipo useme, "Mama, nipunguzie," na utajua unataka upunguziwe kiasi gani. Muuliza bei si mkorofi, na muuzaji mkweli haogopi maswali. Anayeogopa ndiye wa kumchunga.

Na wazazi, mnapomtuma mtoto dukani, msimpe fedha na kumwambia tu "leta chenji." Mwambieni kabla hajatoka mlangoni: una 5,000, sukari nusu kilo ni kiasi hiki, sabuni ni kiasi hiki, utarudi na ngapi? Akikosea, arudie. Msiwaulize wavulana peke yao, maana kesho mwenye kushika kikapu cha nyumba huenda akawa binti. Mwalimu anafundisha mafumbo mara chache kwa wiki. Soko linafundisha kila siku, ila ada yake ni kubwa kwa anayejifunza akiwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.